Jiwe la Zambarau na Mbwa Mwenye Hofu

Juma hili nimepokea barua ya mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, ambayo nimeona si vema kuijibu kwa mistari michache pembeni mwa ukurasa. Anaeleza kwamba nyumbani kwake wanaye mbwa dume wa miaka 6, aliyelelewa hapo tangu udogo wake, mlinzi mwaminifu ambaye usiku husikia nyayo za mtu kabla hazijafika langoni. Lakini mbwa huyu ana jambo moja linalomwudhi bwana wake. Radi ikipiga, au fataki zikilipuliwa mkesha wa mwaka mpya, hutetemeka mwili mzima, hudondosha mate, na huparura mlango hadi kucha zikatoka damu. Mwaka mpya uliopita aliruka ukuta akapotea siku 2. Baba wa nyumba amechoka. Amesema kwamba masika haya yakipita bila mbwa kubadilika, ataletwa mtu wa kummaliza, na nafasi yake ichukuliwe na mbwa mwingine mwenye moyo.

Kijana wao, aishiye Leicester huko Uingereza, aliposikia habari hiyo alituma jiwe dogo la rangi ya zambarau, lenye ukanda wa kufungia shingoni, pamoja na kikaratasi kisemacho kwamba jiwe hilo hutuliza roho ya mnyama. Mama amelitumia kwa majuma 3. Kila jioni huketi na mbwa uani, huliweka jiwe kifuani pake, na humpapasa taratibu kwa robo saa. Anasema kwa yakini kwamba mbwa ametulia kuliko zamani. Anauliza mambo mawili: je, jiwe linatibu kweli? Na je, amwambie nini mumewe?

Nitaanza na swali la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotupa jibu la pili.

Desturi ya kutibu kwa mawe ya fuwele ilienea sana Marekani na Uingereza katika miaka ya 1970 na 1980. Wenye desturi hiyo husema kwamba kila jiwe lina nguvu yake: la zambarau hutuliza hofu, la waridi huleta upendo, jeusi hufukuza mabaya. Walianza kwa kujitibu wenyewe, kisha wakaligeuzia jambo hilo kwa wanyama wao. Huko Uingereza, ambako kila tarehe 5 Novemba watu hulipua fataki usiku kucha, na Marekani, ambako hufanya hivyo tarehe 4 Julai, mbwa wengi huingiwa na kiwewe, na wenye mbwa hutafuta kila njia. Jiwe hufungwa kwenye ukanda wa shingo, huwekwa chini ya tandiko, na wengine hulilowesha katika maji ya kunywa ya mbwa.

Jiwe la zambarau alilopelekewa mama yetu bila shaka ni amethisto. Wasomaji wa Biblia watalikumbuka jina hilo kuwa la mwisho kati ya mawe 12 ya misingi ya mji mtakatifu katika Ufunuo. Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya asiyelewa, kwani Wayunani wa kale waliamini kwamba mwenye kuvaa jiwe hilo hatalewa hata akinywa divai nyingi. Amethisto huchimbwa kwa wingi Brazil na hata kwa jirani zetu wa Zambia, kwa hiyo huenda jiwe hilo lilitoka kusini mwa Tunduma, likazunguka Ulaya, na kurudi Kimara likiwa dawa.

Tusiwacheke watu wa Ulaya katika jambo hili. Kwetu pia wako wazee wasiovua pete ya akiki, na wako watoto wavishwao hirizi shingoni ili wasishtuke usiku. Binadamu mwenye hofu, au mwenye kumwonea huruma aliye na hofu, hupenda kushika kitu. Hilo ni la watu wote. Swali letu ni dogo na la wazi: je, kitu hicho kinafanya kazi inayosemwa?

Amethisto ni aina ya jiwe liitwalo kwatsi, na kwatsi ni silikoni na oksijeni zilizoungana. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe nyingi ni vipande vidogo vya kwatsi hiyo hiyo. Rangi ya zambarau hutokana na chembe kidogo za chuma ndani yake, zilizobadilishwa na mnururisho wa asili ardhini kwa muda mrefu. Ni jiwe zuri, na uzuri wake haukanushwi na mtu.

Wauzaji wa mawe hayo wana hoja moja ambayo huwateka wengi. Husema: mbona saa ya mkononi hutumia kwatsi? Kama jiwe hilo halina nguvu, saa yaendaje? Hoja hiyo yafaa kujibiwa kwa heshima, maana ina ukweli nusu. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba kwatsi ikibanwa hutoa umeme kidogo. Na baadaye ikathibitika kwamba ikipewa umeme hutikisika. Desemba 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya kwanza ya mkononi iliyotumia kanuni hiyo. Katika saa nyingi za namna hii kipande cha kwatsi hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na hesabu hiyo ndiyo inayoisogeza mishale. Lakini nguvu hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye betri. Ondoa betri, na kwatsi ile itakaa kimya kama kokoto ya barabarani. Jiwe lililofungwa shingoni mwa mbwa halina betri.

Yapo pia majaribio. Mwaka 2001 mtaalamu wa saikolojia wa chuo cha Goldsmiths, London, Christopher French, alieleza katika mkutano wa wanasaikolojia mjini Glasgow jaribio lililowahusisha watu 80. Walitakiwa kukaa kimya kwa dakika 5 wakiwa wameshika jiwe mkononi. Baadhi walipewa kwatsi halisi, wengine wakapewa ya bandia, bila ya kujua. Wengi walisema wamehisi joto, au msisimko, au utulivu; lakini waliokuwa na jiwe la bandia walihisi sawa na waliokuwa na jiwe la kweli. Walioelezwa mapema mambo ya kutazamia ndio waliohisi zaidi. Basi kilichofanya kazi ni matarajio, wala si jiwe.

Hapa msomaji mwerevu atasema: hayo ni ya binadamu, mbwa hasomi kikaratasi, wala hajui kwamba jiwe ni dawa, basi hawezi kudanganyika na matarajio. Ni kweli, mbwa hadanganyiki hivyo. Anayeweza kudanganyika ni yule anayemtazama. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, mbwa waliokuwa wakichechemea kwa ugonjwa wa viungo walipewa dawa ya bandia, kisha wenye mbwa na madaktari wao wakaulizwa kama kuna nafuu. Mara nyingi walijibu kwamba ipo. Chombo kilichopima jinsi kila mguu ulivyokanyaga hakikuona badiliko lolote. Watu wale hawakusema uongo. Walimpenda mbwa, wakatamani apone, na macho yakafuata moyo.

Hata hivyo sitaki kumwambia mama yetu wa Kimara kwamba macho yake yamemdanganya. Nadhani katika nyumba yake liko jambo la kweli linalotendeka, ila sifa zake zimepewa asiyestahili.

Tazameni anachofanya. Kila jioni, saa ile ile, mahali pale pale, huacha kazi zake, huketi, hupunguza sauti, na humpapasa mnyama kwa robo saa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wanapotazamana kwa upole, homoni iitwayo oksitosini huongezeka katika miili yao wote wawili. Na hiyo ndiyo homoni imsaidiayo mama anaponyonyesha mtoto. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Linköping, Sweden, walipima katika nywele za watu na manyoya ya mbwa wao 58 homoni iongezekayo mtu anapokuwa katika dhiki ya muda mrefu. Mahali ambapo mtu alikuwa na nyingi, aghalabu na mbwa wake alikuwa nayo nyingi. Na watafiti walikisia kwamba mbwa ndiye amfuataye bwana wake, wala si kinyume chake.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: jiwe halitibu, bali robo saa ile inasaidia. Mama anaweza kuliweka jiwe kabatini kama zawadi ya mwanawe, na mbwa hatapungukiwa kitu, mradi yeye mwenyewe aendelee kuketi naye. Isitoshe, kabatini ni salama zaidi. Mbwa hutafuna, jiwe dogo likimezwa laweza kuziba utumbo, na hapo itahitajika kisu cha daktari. Wala mawe yasiloweshwe katika maji ya kunywa. Kwatsi haina madhara majini, lakini mawe mengine huuzwa pamoja nayo: malakiti, lile jiwe la kijani lipatikanalo kwa wingi Katanga, lina shaba ndani yake, na yako mengine yenye risasi au zebaki. Mtu asiyeyajua mawe aweza kumpa mnyama sumu akidhani anampa utulivu.

Sasa tuje kwa baba wa nyumba. Yeye anaona mbwa mwoga. Ningependa, kwa heshima zote, aujue mwili wa mnyama huyo. Sikio la binadamu kijana husikia mitikisiko hadi kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika takriban 45,000, na husikia sauti ndogo kutoka mbali kuliko sisi. Ndiyo maana husikia nyayo za mwizi. Sikio lile lile alisifulo bwana wake usiku wa manane ndilo linalomleta kilio radi inapopasuka juu ya paa la bati.

Tena hofu ikiisha kuingia, haitoki kwa amri. Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alijulikana dunia nzima kwa uchunguzi wake wa mbwa. Septemba 1924 mafuriko makubwa yaliupiga mji wa Leningrad, na maji yakaingia katika vibanda vya mbwa wake. Waliokolewa wakiwa karibu kuzama. Baada ya hapo baadhi yao walisahau kwa muda mambo yote waliyokuwa wamefundishwa. Baadaye, maji kidogo tu yalipopenyezwa chini ya mlango, mbwa mmoja aliingiwa na kiwewe upya kana kwamba gharika imerudi. Na tusiende mbali hadi Leningrad. Waliokuwa Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka, wanajua kwamba mlio ukinyamaza, moyo hauendi nao. Mtu mzima mwenye akili timamu aweza kushtuka miaka mingi baadaye kwa mlango uliobamizwa na upepo. Hakuna anayemwita mwoga, basi mbwa naye asiitwe hivyo.

Kadhalika sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtendea mnyama ukatili. Kumpiga mbwa kwa sababu anatetemeka ni ukatili, na pia ni hasara, kwani atajifunza kwamba radi ikilia huja na fimbo, na hofu yake itakuwa maradufu.

Basi mbwa wa namna hii atendewe nini? Nilimwendea daktari mmoja wa mifugo, na haya ndiyo aliyosisitiza.

Kwanza, ahakikishwe kwamba ni hofu na si ugonjwa. Mbwa mwenye hofu hubadilika radi ikija, na hurudi katika hali yake radi ikipita. Mbwa aliyebadilika ghafla bila sababu na habadiliki tena, mkali aliyekuwa mpole au mpole aliyekuwa mkali, anayetoa mate na kushindwa kumeza, anayeuma hata vijiti na mawe, huyo asishikwe na mtu: huenda ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili hauna tiba kwa mnyama, na kwa binadamu ni kifo kwa karibu kila aupataye. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku ile ile akapate chanjo. Mtu asipoteze hata siku moja kwa jiwe, wala kwa hirizi. Yako pia maumivu ya masikio, meno na viungo ambayo humfanya mbwa mtu mzima aanze kuogopa milio asiyokuwa akiiogopa. Hayo nayo hutibiwa.

Pili, apewe mahali pa kujificha. Si kila nyumba humruhusu mbwa kuingia ndani, na kila familia ina taratibu za dini na usafi wake. Haidhuru. Banda lenye kuta nene, lililogeuziwa mgongo upande wa mwanga na upepo, lenye gunia zito mlangoni, latosha. Au stoo yenye giza. Mlango uachwe wazi ili aingie na kutoka apendavyo. Mbwa aliyefungwa mnyororo wakati wa radi aweza kujinyonga akijaribu kukimbia. Mkesha wa mwaka mpya lango na ukuta vikaguliwe mapema.

Tatu, abembelezwe kama anataka. Wako wasemao kwamba ukimpapasa mbwa mwenye hofu unamfundisha kuogopa. Si kweli. Hofu si ujanja wa kutafuta zawadi. Akija kwako akalaza kichwa pajani, mwekee mkono, zungumza naye kwa sauti ya kawaida, nawe usishtuke radi ikilia. Akitaka kujificha peke yake, mwache.

Nne, afundishwe upya, na kazi hii yataka subira. Siku isiyo na mawingu, mchezeshee sauti ya radi iliyorekodiwa kwenye simu, kwa sauti ndogo kiasi cha yeye kusimamisha masikio tu bila ya kuacha kula. Hapo hapo mpe vipande vya nyama au dagaa. Sauti ikikoma, na chakula kikome. Fanyeni hivyo dakika 5 au 10 kwa siku, na baada ya siku kadhaa ongezeni sauti kidogo sana. Akianza kuhema, kulamba midomo au kufyata mkia, mmekwenda mbio, rudini nyuma. Yachukua majuma, pengine miezi. Lakini pole pole sikio lake hujifunza kwamba mlio ule ni habari ya chakula. Radi ya kweli ikija katikati ya mafunzo, msimpime; mpelekeni mahali pake pa kujificha.

Tano, ziko dawa za hospitali ya mifugo. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa mbwa waogopao milio, na zipo nyingine ambazo madaktari hutumia kwa kusudi hilo. Mbwa anayejiumiza mlangoni kama huyu wa Kimara yafaa aonwe na daktari bila ya kungoja. Ila ni daktari atakayechagua dawa na kipimo. Vidonge vya nyumbani vya binadamu, kama parasetamoli na dawa nyingine za maumivu, vyaweza kumwua mbwa. Na pombe, ambayo baadhi ya watu humnywesha ili alale, ni sumu kwake.

Hayo ndiyo mama anayoweza kumwambia mumewe: kwamba mbwa wao hana ila isipokuwa sikio zuri na kumbukumbu kali, na kwamba mbwa mgeni atakayeletwa naye atakuwa na masikio, na radi ya Kimara haitamsamehe. Kumlea mwingine hadi awajue watoto na majirani ni kazi ya miaka. Kumfundisha huyu ni kazi ya miezi. Hata kwa hesabu za pesa peke yake, ni afadhali wamsubiri. Lakini masika moja ni kipimo kifupi mno. Mafunzo haya hayawezi kufanywa huku radi za kweli zikiendelea. Wakati wake ni kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, mbingu zinapokuwa kimya. Hapo wana miezi 4 kabla ya vuli, na zaidi kabla ya fataki za Desemba. Kwa sasa wamwekee banda, wamwone daktari, na robo saa ya jioni iendelee. Ingekuwa vema zaidi baba naye aketi mara moja moja, maana mbwa hutulia mapema nyumba nzima ikiwa imetulia.

Kwa wasomaji wengine wenye mbwa, ombi langu ni moja: kabla ya jambo lingine lolote, tazameni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama tarehe imepita, au kama kadi yenyewe haipo, mpelekeni mnyama juma hili. Mwenye swali juu ya jambo hili aandike kwa jina la ukurasa huu. Hadi Jumapili ijayo, nawatakia amani nyumbani.